Kokwa za Mama wa Buffalo

Baba yangu hali chakula cha watu. Nimekua nikilijua hilo kama ninavyoujua mkono wangu wa kulia. Tulipokuwa bado Uvira, mdogo wake alialikwa kwa jirani jioni moja. Chupa yake ya bia ilifunguliwa chumbani, si mezani mbele ya macho yake, naye akainywa kwa sababu aliona aibu kuuliza. Baada ya siku chache tumbo lilimvimba, akafa. Daktari alisema ni ini. Baba alisema ni karuho, ile sumu ambayo watu wa kwetu huitaja kwa sauti ya chini, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Kwetu kuna desturi: anayekupa kinywaji hukionja kwanza wewe ukiona, ndipo akukabidhi. Baba hakuitegemea hata hiyo. "Mwenye sumu iko na dawa yake," alikuwa akisema. "Anakunywa mbele yako, anacheka na weye, halafu anaenda kutapika kwake." Kambini Kigoma, nilikolelewa, alikuwa akienda harusini na kikombe chake mfukoni na kurudi nacho kikiwa kikavu. Watu walimcheka, kisha wakamzoea.

Tulipoletwa Marekani tulianzia Louisville, upande wa South End, na huko mama ndiye aliyempikia hadi alipofariki. Wiki ya msiba waumini wa kanisa letu walileta sufuria za wali, maharage, sombe ya majani ya muhogo na kuku. Baba aliwashukuru mmoja mmoja, akafunga mlango, akavimimina vyote kwenye mfuko wa takataka huku machozi yakimtoka. Nilikuwa nimesimama pale pale jikoni. Nilimsongea ugali, nikamkaangia ndagala, wale dagaa wa kwetu, akala.

Baadaye mume wangu alipata kazi ya ghala Columbus, tukahamia Northland, kwenye nyumba za kupanga karibu na Morse Road. Nilimsihi baba aje tukae naye. Akakataa. "Mama yako amelala huku," alisema. "Nitamwachia nani?" Basi akabaki Louisville, akajifunza kujipikia uzeeni, na mimi nikawa napiga simu kila jioni kumuuliza amekula nini.

Nayasema haya yote ili ieleweke nilivyoshtuka mwezi wa saba ule aliposhuka kwenye basi pale Columbus akitoka Buffalo. Alikuwa amekwenda kumzika mzee mwenzake wa kambini. Nilikwenda kumpokea alale kwetu kabla ya kuendelea na safari ya Louisville. Akashuka polepole kwa ajili ya magoti, mkono mmoja umeshika bakora, mwingine umebeba sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha. Kwenye shati lake, chini ya kola, palikuwa na doa jekundu na chembe za unga uliookwa.

"Baba, nini hiyo?"

"Ni tarte. Ya matunda."

"Nani amekupa?"

"Mama mumoja wa kule. Ni Murundi. Bon, tuende, jua iko kali."

"Umeionja?"

Akanitazama kama vile swali langu ndilo la ajabu. "Nilikula. Nusu nilimaliza kule kule. Hii nililetea watoto."

Nyumbani nilifunua ile karatasi. Ilikuwa pai. Juu yake vipande vyembamba vya unga vilikuwa vimesukwa kama mkeka, na katikati ya vitundu ilichungulia rojo nyekundu, nyekundu ya kung'aa, ambayo sijawahi kuiona kwenye tunda la kweli. Ilinukia iliki. Binti yangu alinyoosha kidole, nikamvuta mkono. Aliniuliza kwa Kiingereza nina tatizo gani. Nikamwambia hiyo ni ya babu. Baba akakata kipande, akanywea chai, na alipokuwa akitafuna alifumba macho. Asubuhi nilimpandisha basi. Niliporudi, niliifunga ile sahani na kila kilichobaki ndani ya mifuko miwili, nikaipeleka kwenye pipa kubwa la nje. Sikutaka hata harufu yake ibaki jikoni kwangu.

"Baba amelishwa kitu," nilimwambia mume wangu.

"Baba yupi?"

"Baba yangu."

"Yule mzee ambaye mimi mkwe wake sijawahi kumnywesha hata maji? Nani amemuweza?"

"Ndiyo maana nakwambia. Yule haendi tu akala kwa mtu. Kuna mwanamke Mrundi huko Buffalo."

Mume wangu akacheka mpaka akashika meza. "Mama watoto, limbwata la mzee mwenye bakora! Atamkimbiza nani?" Lakini aliponiona sicheki akanyamaza. Wanaume hawaogopi limbwata kwa sababu wanajua hawatajijua wamelishwa. Wanaoogopa ni mabinti na dada zao, ambao hubaki kuangalia.

Mimi nikaanza kuangalia. Majira ya baridi yale, nilipopiga simu jioni, laini ya baba ilikuwa na mtu. Baba, ambaye simu yake ilikuwa haina kazi nyingine ila kunisubiri mimi! Akishapokea, namuuliza alikuwa akiongea na nani. "Na mutu," anasema. Mwezi ule ulikuwa "mutu". Uliofuata ukawa "ule mama". Alianza kuimba tenzi puani huku anaongea na mimi. Akanunua shati. Aliniuliza kama kuna basi la moja kwa moja kwenda Buffalo lisilopitia Cleveland. Nikiuliza kuna nini Buffalo, ananijibu kuna theluji.

Kwenye duka la vyakula vya Kiafrika pale Morse Road kuna mama muuzaji ambaye ana ndugu Buffalo. Nilimuuliza kwa mafumbo, akanijibu waziwazi. Anamjua. Mjane, alilelewa kwenye kambi za Tanzania tangu wazazi wake walipokimbia Burundi, alifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, sasa amestaafu.

"Mumewe alikufa na nini?"

"Sukari."

Nilitoka na unga wangu wa muhogo nikijiuliza ni sukari gani.

Pasaka nilikwenda Louisville kumtembelea baba. Alipoenda kuoga, nilifungua friza nitoe nyama, nikakuta mifuko ya plastiki imepangwa vizuri, kila mmoja umejaa vitu vyekundu vilivyoganda, vimeshikana kama madonge. Nikafunga. Nilikwenda kutandika kitanda chake, na chini ya mto nikakamata kifuko cha kitambaa cha kitenge, kimeshonwa kwa mkono pande zote nne, kizito, ndani yake vitu vinachakarika. Nikakinusa. Kilinukia kama lozi, na kwa mbali kama moshi. Sisi ni watu wa kanisa. Nilijua nimeshika nini. Nilikuwa nimeshika hirizi.

Maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni. Nikafumua mshono upande mmoja kwa jino. Vikanimwagikia kiganjani vijiwe vidogo vya mviringo, rangi ya mfupa, vikavu kabisa. Vilikuwa kokwa. Nilikaa kitandani kwa baba, nikatoa simu, nikatafuta hadi nikazipata: kokwa za cheri. Nikaendelea kusoma, na hapo chini ikaandikwa kwamba ndani ya kokwa ya cheri, ukiivunja, mna sumu.

Nilizirudisha. Katika kopo la nyuzi la marehemu mama nilipata uzi mweusi tu, nikashona kwa mweusi pale palipokuwa na mweupe, nikakirudisha kifuko chini ya mto. Baba alipotoka nilikuwa nakunja shuka.

"Baba, kile kifuko cha kitenge ni nini?"

"Ya magoti. Ule mama alinitumia, pamoja na yale matunda ya friza, na watu wenye walikuja na gari. Unaweka mu microwave kidogo, unaweka ku goti. Maumivu inaenda." Akakaa, akavaa soksi. "Mama," akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu mdogo, "mwezi wa saba nataka kuenda Buffalo. Utanipeleka na gari?"

Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Nilitaka kumwona mwanamke huyo jikoni kwake, na mikono yake ikiwa kazini.

Mwezi wa saba alikuja kwetu kwa basi, na kesho yake tukaondoka Columbus asubuhi na mapema. Baba alikuwa amevaa lile shati. Tulipofika kwenye ziwa, baada ya Cleveland, aliniomba nisimame anunue maji. Akayafungua mwenyewe, akasikiliza kile kifuniko kinavyokatika, akanywa. Nikafurahi kidogo. Nikaona baba yangu bado yupo humo ndani.

Nyumba ya yule mama ilikuwa ya mbao, ya zamani, imechujuka rangi, na nyuma yake ulisimama mti mmoja tu, si mrefu, umejaa matunda mpaka matawi yameinama. Mwenyewe alitoka akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa mwanamke mrefu mwembamba, mwenye mwanya, na viganja vikubwa vilivyokuwa vyekundu hadi kwenye vifundo.

"Shikamoo mama," nikasema, kama tulivyofundishwa kambini.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Mzee, pole na njia."

Baba akacheka bila sababu. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba wa mama.

Mchana alituandalia ndizi za kupika na maharage. Kabla baba hajagusa kijiko, yule mama alichota kutoka sahani ya baba, akala, akameza, akaisukuma mbele yake, wala hakusema kitu. Hakuna aliyemwomba. Baba akala. Mimi nikayakumbuka maneno ya baba mwenyewe, kwamba mwenye sumu ana dawa yake, nikamfuata kwa macho yule mama alipoinuka kwenda msalani. Nilitega sikio. Alirudi upesi, akakaa, akamaliza sahani yake.

Baada ya chakula baba alilala kwenye kochi. Yule mama alinipa ndoo tukaenda nyuma. Kumbe cheri zile ukizishika ni laini kuliko nyanya mbivu, ngozi yake kama karatasi. Nikaweka moja mdomoni. Ukali wake ulinikunja uso mzima, kama ukwaju mbichi.

"Hizi haziliwi hivyo," alisema bila kunitazama. "Hizi ni za kupika. Mzungu aliyekuwa na nyumba hii kabla yangu aliupanda mti huu. Mwaka wa kwanza niliuacha uoze, nilidhani ni sumu. Jirani bibi kizee akaja kunigombeza."

Nikasikia neno sumu likitoka kwake mwenyewe. Nikaendelea kuchuma.

Jikoni aliweka beseni katikati, bakuli upande huu la nyama ya tunda na bakuli upande ule la kokwa. Alinionyesha. Chombo chake kilikuwa pini ya nywele, ncha zake mbili zimechomekwa kwenye kizibo cha chupa, ule mpindo ndio unaofanya kazi. Unaingiza pale kikonyo kilipokuwa, unazungusha kidogo, unaikamata kokwa kwa chini, unaivuta. Tunda linabaki zima, limenywea tu. Ikiwa imeiva sawasawa huhitaji hata pini. Ukivuta kikonyo, kokwa hutoka nacho. Mwanzoni nilizipasua zote. Maji mekundu yalinitiririka hadi viwikoni, yakanirukia shavuni na kwenye blauzi, na sasa nikajua lile doa la kwenye shati la baba lilitoka wapi.

Tulifanya kazi muda mrefu bila maneno. Yeye alikuwa anazitoa mbili mimi nikiwa bado na moja. Kila bakuli la kokwa lilipojaa alilibeba hadi kwenye sinki, akaziosha, akazitandaza juu ya taulo.

"Hizo unazifanyia nini?" niliuliza. Nilikuwa najua.

Akakaa. Akachukua cheri nyingine. "Wewe si umeziona? Ulifungua kifuko cha mzee. Mimi nilishona kwa uzi mweupe. Leo amekuja nacho, nimekipasha moto, nimekuta upande mmoja una uzi mweusi, na mishono ya mtu mwenye haraka."

Sikukana.

"Umekuta nini?" akauliza.

"Kokwa."

"Ulitegemea kukuta nini?"

Nikaamua kusema. "Mama, baba yangu hali kwa mtu. Tangu nimezaliwa. Halafu anakuja kwako siku moja tu, msibani, anakula. Ungekuwa wewe ni mimi ungefikiri nini?"

Alitoa kokwa, akaitupa bakulini. "Ningefikiri amerogwa."

Alilisema kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha. Kisha akaongeza, "Na wewe ungekuwa mimi? Mzee mgonjwa wa magoti, anaishi peke yake, binti yake yuko mbali. Anaanza kunipigia simu kila siku. Nimefanya kazi nyumba ya wazee, mwanangu. Nimewaona watoto. Nikasema, hawa wanatafuta mtu wa kumuuguza baba yao. Wameona Mrundi mjane, wakasema huyu atafaa. Nilikuwa nakusubiri wewe uje uanze kunisifia."

"Mimi? Mimi nilikuja kukuchunguza."

"Nimeona. Uliponifuata kwa macho hadi mlango wa choo."

Kabla sijapata jibu simu yake ililia. Akaipokea kwa kifundo cha mkono, akaanza Kirundi, akashusha sauti. Kambini tulikaa jirani na Warundi, kwa hiyo nalijua neno la binti na neno la hapa. Nilijua nasemwa. Akaniona nimejua. Akaiweka simu juu ya meza, kwa sauti ya wote, akasema kwa Kiswahili, "Ni mwanangu wa kiume. Ana maswali. Muulize mwenyewe, yuko mbele yangu hapa."

"Habari dada," ikasema sauti ya mwanaume, ya upole na isiyoamini. "Samahani. Mama anasema mzee anataka kumuoa, ahamie huko. Ana mke mwingine Kongo?"

"Hana. Mama yangu amezikwa Louisville."

"Anakunywa?"

"Hata maji ya watu hanywi."

Yule mama akaficha mdomo kwa kiwiko.

"Ana hasira? Ni mtu wa kupiga?"

"Hapana." Nikajikuta nimenyoosha mgongo. "Baba yangu hajawahi kuinua mkono nyumbani. Mama alipougua alimwogesha mwenyewe, mpaka siku ya mwisho, hakuniachia hata mimi."

"Sasa dada, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Wewe ni binti yake. Kwa nini asikae kwako?"

"Nilimwomba. Alikataa. Alisema hawezi kuliacha kaburi la mama."

"Na kaburi hilo atalibeba aje nalo Buffalo? Kwa nini kwako akatae, kwa mama yangu akubali?"

Lilikuwa swali langu. Nilikuwa nikilitembeza kichwani tangu majira ya baridi bila kuthubutu kulitamka, na sasa mtu nisiyemjua alikuwa ameniwekea mezani kati ya bakuli na beseni. Mikono yangu ilikuwa inadondosha maji mekundu.

"Ndicho nilichokuja kujua," nikasema.

"Basi ukijua nipigie na mimi," akasema, na nadhani alimaanisha.

Siagi ikawa haitoshi. Nilijitolea kwenda kununua, na baba, aliyekuwa ameamka, akasema anataka kunyoosha miguu. Dukani hakushuka. Niliporudi na siagi sikuwasha gari.

"Baba, nataka kukuuliza. Siku ile ya msiba, kwa nini ulikula?"

Akapapasa bakora. "Unafikiri alinifanyia dawa."

"Sijui nifikiri nini."

"Sikia. Kwenye msiba watu walikuwa wengi mu nyumba, mimi nilikuwa na njaa, sikukula tangu Louisville. Nikatoka inje. Ule mama, jirani yao, alikuwa amekaa ku ngazi yake ya nyuma na beseni, anatosha mbegu mu matunda, moja moja. Nikakaa. Akanipatia ile kitu ya nywele. Donc nikaanza kutosha na miye. Matunda ilitoka ku muti, niliona. Maji ilitoka ku robinet, ku bomba, niliona. Tukaingia jikoni, akafungua unga mupya mbele yangu, sukari mupya. Nikakaa ku kiti, nikaangalia mpaka ikaingia mu four, ile ya kuoka, nikakaa mbele ya four mpaka ikatoka." Alinigeukia. "Mama, mimi sikumwamini mutu. Nilionaka na macho yangu, kutoka ku muti mpaka ku sahani. Chakula ya namna ile mutu hawezi kukataa."

"Naye hakuuliza kwa nini unakaa mbele ya oveni?"

"Hakuuliza. Alinipa kiti."

Nilitazama nje. Watu walikuwa wanapakia mifuko kwenye magari yao. "Na mimi? Columbus ulikataa. Ulisema mama."

"Kwako muko mnaenda kazi bwana na bibi, watoto wanaenda masomo. Ningekaa ku dirisha mpaka murudi. Ningekula chakula yenye umeniachia mu frigo, naifunua, nakula peke yangu. Mimi si mutoto. Mama yako haendi popote, nitamtembelea. Lakini huku niko na kazi."

"Kazi gani?"

"Si natosha mbegu," akasema, na akacheka kile kicheko kipya ambacho nilikuwa bado sikipendi.

Siwezi kusema kwamba hapo moyo ulitulia. Niliendesha gari nikiwa nimeumia zaidi kuliko nilipokuwa na hofu, maana hofu ya limbwata ilikuwa na mtu wa kulaumiwa. Hii haikuwa naye. Baba alikuwa hajalishwa kitu. Alikuwa amechoka kukaa peke yake, na nyumba yangu isingemponya.

Jioni ile tulioka. Baba alikaa kwenye kiti chake mbele ya oveni, kwa kweli, kama askari wa zamu. Yule mama alinionyesha kukanda unga kwa siagi ya baridi, kutia sukari na iliki ndani ya cheri, kukata vile vipande virefu na kuvisuka juu. Alisema kusuka huko hakujifunza Marekani. Alikuwa akisuka mikeka kambini na mama yake. Pai ilipotoka, rojo ilikuwa inachemka kwenye vitundu. Tuliisubiri ipoe. Alipokata, alinipa kipande mimi kwanza, akanitazama. Sikumsubiri aonje. Nililamba kidole, nikala. Ukali ulikuwepo bado, lakini umekaa chini ya utamu, na ile iliki ilinirudisha kwenye chai za kambini. Katika kipande changu palikuwa na kokwa moja iliyotuponyoka. Ikagonga jino, nikaitoa, nikaiweka pembeni ya sahani.

"Hiyo ni yako," yule mama akasema. "Mimi sikosi."

"Nimekubali."

Nilimpigia yule mwanawe nilipofika Columbus. Nilimweleza kama baba alivyonieleza, kiti, oveni na yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema, "lakini mimi nitaendelea kuangalia." Nikamwambia na mimi pia. Tangu hapo tumekuwa tunapigiana, kila mmoja akimuuliza mwenzake habari za mzazi wake, na nadhani hakuna kati yetu anayejibu kila kitu.

Walifunga ndoa majira ya kuchipua, kwenye kanisa la Warundi na Wakongo huko Buffalo, kwaya mbili zikishindana. Kabla ya hapo nilikwenda Louisville kumsaidia baba kufunga nyumba. Alitaka kuchukua vitu vichache. Yule mama alikuja kwa basi, akapiga deki nyumba ambayo hakuwahi kuishi, na siku ya mwisho tulikwenda makaburini wote watatu. Yeye hakukaribia. Alisimama kwenye gari, mikono ameifumbata tumboni, mpaka baba alipomwita. Alikuja, akasema kwa Kirundi maneno ambayo sikuyaelewa. Nilifikiria kumuuliza maana yake, na mpaka leo sijamuuliza. Baba aliongea na marehemu mama kwa muda, kisha akaniomba nimshike mkono tuteremke.

Mwaka huu baridi ilirudi wakati mti ukiwa na maua, na Buffalo hakukuwa na cheri hata moja. Tulikwenda hivyo hivyo, mimi na mume wangu na watoto. Baba amenenepa. Tulifika yule mama akiwa jikoni, chungu cha mchuzi kiko motoni, bado hakijatiwa kitunguu. Alinikabidhi kisu na vitunguu, akasema yeye anatoka jasho, anakwenda kuoga, nitie chumvi nitakavyoona. Akaondoka, wala hakubaki kunitazama. Nilisimama peke yangu mbele ya chungu chake, nikasikia maji yanaanza kumwagika bafuni, nikakata kitunguu.